Je, Mke Mja Mzito Apunguziwe Chakula Ili Ajifungue kwa Wepesi?

SUALI:

Masheikh wetu wa Zanzibar, nawaandikia kutoka Gungu, Kigoma. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Sina mtumbwi wangu, nafanya kazi kwenye mtumbwi wa mtu na tunagawana kinachopatikana. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, ndiyo mimba yake ya kwanza. Alipoanza kliniki mwezi wa nne alikuwa na kilo 47, na wiki iliyopita alikuwa na kilo 49. Nesi amemwambia uzito hauendi na damu ni ndogo, ale vizuri. Tunaishi na mama yangu mzazi. Mama anasema mwanamke wa mimba ya kwanza akila sana mtoto anakuwa mkubwa na atapasuliwa, kwa hiyo anampakulia kidogo, na mayai amemkataza kabisa. Mke wangu hasemi kitu, lakini usiku analia kwa njaa. Sasa ziwa limefungwa na pesa hakuna. Naomba kujua: nikimpinga mama nitakuwa nimemuasi? Na wajibu wangu kwa mke wangu ni upi wakati sina kitu? Na siku alizokula Ramadhani iliyopita kwa sababu ya mimba atazilipaje?

JAWABU:

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu yetu, tumeliweka suali lako lote kama lilivyo kwa sababu linaulizwa pia Unguja na Pemba, mara nyingi na wake wenyewe, na mara nyingi kwa sauti ya chini. Tunaanza na jawabu fupi ili usisubiri. Mkeo apakuliwe mpaka ashibe, kuanzia leo, na mayai ale akiyapata. Kufanya hivyo si kumuasi mama. Na anachokula si hisani yako wala ya mama yako; ni haki yake aliyopewa na Allah, na wewe ndiye unayeulizwa juu yake.

Sasa tufafanue, tukianza na haki hiyo, maana wengi wetu tumeisoma chuoni kisha tukaiacha huko huko.

Katika Suratut-Talaaq, aya ya 6, Allah Ta'ala ameamrisha kuwa wanawake walioachwa wakiwa na mimba wapewe matumizi yao mpaka wajifungue. Wanazuoni wetu wa Kishafii wameichukua aya hii wakasema: hata aliyeachwa talaka tatu, ambaye asingekuwa na mimba asingepewa matumizi ya chakula, huyu anapewa kwa sababu amebeba. Basi tutazame vizuri. Ikiwa mwanamume aliyekwisha kuachana na mke, pengine kwa ugomvi na maneno mabaya, bado analazimika kumlisha kwa sababu ya mimba, vipi hali ya huyu aliye ndani ya nyumba, kwenye ndoa, hajamkosea mtu?

Kitabu cha Minhaaj cha Imam Nawawi, ambacho kinasomeshwa misikitini kwetu, kimepanga nafaka ya mke kwa vipimo: mume tajiri vibaba viwili kwa siku, wa kati kibaba na nusu, na maskini kibaba kimoja. Juu ya nafaka hiyo kuna kitoweo, kwa ada ya mji na kwa msimu wake, na nyama kwa kadiri ya uwezo wa mume na desturi ya watu wa mahali hapo. Hapa watu husoma kibaba wakakisahau kitoweo. Huona akishaweka unga ndani amemaliza. Kitoweo ni sehemu ya wajibu, na kwa mja mzito, kama tutakavyoona, ndicho chenye kazi kubwa zaidi.

Pia wamesema kwamba mke akila pamoja na mumewe kama ilivyo ada, wajibu wa kibaba unaanguka, hahitaji kupimiwa. Lakini hilo ni kwa yule aliyekula chakula cha kumtosha. Mke aliyekaa kwenye sinia moja na wengine akapata matonge matatu hajala nafaka yake. Na madhehebu nyingine hazitazami kibaba, zinatazama kutosheka, na dalili yao kubwa ni hadithi ya Hind bint Utba, ambayo wameipokea Bukhari na Muslim. Alimshitakia Mtume (s.a.w.) kuwa mumewe Abu Sufyan hampi cha kumtosha, akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na mwanawe kwa wema. Kwa mizani hiyo, kiasi kinachomtosha mja mzito wa miezi saba ni kikubwa kuliko kilichokuwa kikimtosha siku ya harusi.

Ama kusema huna kitu, aya ya 7 ya sura hiyo hiyo inakuhusu: kila mtu hutoa kwa kadiri alivyoruzukiwa, na Allah hamlazimishi mtu zaidi ya alichompa. Hatukutaki ununue kuku kila siku. Tunachotaka ni kwamba kile kidogo kinachoingia jikoni kigawiwe kwa kumtanguliza anayekihitaji zaidi. Kwenye nyumba nyingi za kwetu, bara na visiwani, wanaume wanakula mwanzo, mgeni anapewa kichwa cha samaki, watoto wanafuata, na mwenye mimba anakula ukoko na mchuzi uliobaki. Hili halitoki kwenye kitabu chochote tulichokisoma. Ni mazoea, na yanageuzwa bila ya gharama hata ya shilingi moja.

Sasa tuje kwenye hoja ya mama, kwamba chakula kikiwa kidogo mtoto atakuwa mdogo na atatoka kwa wepesi. Tusimcheke mzee. Hoja hii ni ya zamani, inasikika sehemu nyingi za dunia, na asili yake ni huruma: mama amewaona wanawake wakikwama kujifungua, wengine wakifa, naye hataki mkwewe awe miongoni mwao. Lakini dawa aliyoichagua inaongeza kile anachokiogopa.

Mtoto hukwama kwa sababu kadhaa. Huenda nyonga ya mama ni nyembamba, na mara nyingi nyonga nyembamba ni ya msichana ambaye hajamaliza kukua au ambaye mwenyewe alikosa lishe utotoni. Huenda mtoto amelala vibaya tumboni. Huenda uchungu ni dhaifu. Hakuna hata moja katika hayo linalotibiwa kwa njaa ya mwezi wa saba. Kinachofanywa na njaa ni kumdhoofisha anayepaswa kusukuma, na kumtoa mtoto akiwa chini ya kilo mbili na nusu. Mtoto huyo hupata taabu kuhifadhi joto, kunyonya na kupigana na maradhi. Na damu ikiwa ndogo kabla ya kujifungua, kiasi cha kutoka damu ambacho mwanamke mwenye afya angekistahimili kinaweza kumuua mwenye upungufu.

Kigoma wanalijua hili vizuri kuliko wengi. Miaka ya themanini, hospitali ya mkoa huko ilikuwa ikipoteza akina mama wengi. Marehemu Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walikaa wakachunguza kila kifo kimesababishwa na nini, wakaanza kurekebisha kwa vifaa na watu waliokuwepo. Kati ya mwaka 1984 na 1991 vifo vya wajawazito hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hakikuletwa kitu cha ajabu kutoka nje. Mengi yalikuwa mambo ya kupanga upya kilichopo, kama tunavyosema juu ya sinia.

Na kuhusu watoto, dunia ilipata somo chungu kutoka Uholanzi. Baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, miji ya magharibi ya nchi hiyo ilizuiliwa chakula na wajawazito wakala chakula kichache mno. Wale waliopatwa na njaa miezi ya mwisho ya mimba walizaa watoto wepesi. Wataalamu wakaendelea kuwafuatilia watoto waliokuwa matumboni wakati ule hadi utu uzima, wakakuta njaa ile imeacha alama: wale ambao mama zao walishikwa na njaa mwanzoni mwa mimba walikuja kupata zaidi maradhi ya moyo. Basi kumbana mama chakula ni kumtoza mtoto deni ambalo atalilipa akiwa na miaka hamsini.

Tuseme ukweli kamili: mtoto mkubwa kupita kiasi yupo pia. Huja zaidi kwa mama mwenye kisukari, au aliyeanza mimba akiwa mnene sana na akaongezeka kupita kipimo. Mwenye kilo 49 katika mwezi wa saba hayumo katika mlango huo.

Hizo kilo zenyewe ni za nini? Watu wakisikia mja mzito aongezeke kilo 12 hudhani yote ni mafuta. Mtoto mwenyewe ni kama kilo tatu au tatu na kidogo. Kondo la nyuma ni zaidi ya nusu kilo. Maji anayoogelea mtoto yanakaribia kilo moja, na kizazi kilichotanuka nacho kiasi hicho. Damu ya mama inaongezeka kilo moja na nusu hivi, matiti yanajaa, na mwili unashika maji mengine. Kinachobaki, kama kilo tatu, ndiyo akiba ya mafuta, na akiba hiyo Allah ameiweka kwa ajili ya kunyonyesha. Suratul-Ahqaaf, aya ya 15, imehesabu kubeba na kunyonyesha pamoja kuwa miezi thelathini. Mwili nao unajiandaa kwa safari yote hiyo, si kwa siku ya kujifungua tu.

Vipimo vinavyotumiwa sana na madaktari vilitolewa Marekani mwaka 2009. Mwanamke aliyeanza mimba na uzito wa kawaida kwa urefu wake anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima. Aliyeanza akiwa mwembamba sana anatakiwa aongezeke zaidi, 12.5 hadi 18. Aliyezidi uzito kidogo 7 hadi 11.5, na mnene sana 5 hadi 9. Miezi mitatu ya mwanzo ongezeko ni dogo, wengine hata hupungua kwa kutapika. Baada ya hapo mwanamke wa kawaida au mwembamba huongezeka karibu nusu kilo kwa wiki. Mke wako, ndugu muulizaji, tangu mwezi wa nne angetarajiwa awe ameongeza kama kilo tano. Ameongeza mbili. Nesi hakumtisha, alimwambia jambo la kweli.

Chakula cha ziada kinachohitajika si kingi kama inavyodhaniwa. Ule msemo kwamba mja mzito anakula kwa ajili ya watu wawili umewaharibu wengi visiwani kwetu, na tutarudi kwake. Miezi mitatu ya mwanzo hahitaji nyongeza. Miezi mitatu ya mwisho anahitaji nyongeza ya kama kalori 450 kwa siku, nayo ni sahani moja ya kawaida ya ugali na maharage. Sahani moja. Hicho ndicho anachonyimwa anayelia usiku.

Sasa Gungu kuna nini cha kumpa? Tunajua kwamba ziwa limefungwa. Kwa wasomaji wetu wasiojua: tangu mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika husimamishwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaane. Ni kama wanavyofunga eneo la pweza Kizimkazi na Kisiwa Panza, isipokuwa hapa limefungwa ziwa zima, na aliyekuwa akiishi kwa mgao wa kila usiku anakaa mikono mitupu. Hata ziwa likiwa wazi, mvuvi wa dagaa hutegemea giza. Siku za mbalamwezi taa haivuti dagaa na mfuko unakauka. Kwa hiyo akiba ya jikoni ndiyo inayookoa. Dagaa wakavu waliowekwa vizuri kabla ya Mei ni hazina: mtu anawala na mifupa yake, ndani yake mna nyama ya kujenga mwili na chokaa ya mifupa. Ngumi moja yao kwenye mchuzi wa kila siku inambadilisha mja mzito kuliko mlima wa ugali.

Na ugali wenyewe, huko Kigoma mara nyingi ni wa muhogo. Muhogo unashibisha lakini ni mtupu, karibu wote ni wanga. Aliyeshiba muhogo mtupu kwa mchuzi wa chumvi ameshiba tumbo, mtoto hajapata kitu. Uchanganywe na unga wa mahindi au mtama inapowezekana, na kando yake pawe na maharage. Maharage yanayoteremka kutoka Kasulu na Buhigwe ni bei nafuu kuliko nyama yoyote. Matembele na mchicha huota nyuma ya nyumba. Karanga zilizosagwa zikitiwa kwenye uji wa asubuhi zinaongeza nguvu bila ya kuongeza wingi, na hili linamfaa khasa mwenye mimba kubwa ambaye tumbo limebanwa na hawezi kula mengi kwa mara moja. Huyo ale mara nne au tano, kidogo kidogo.

Mawese mekundu ya Kigoma ni neema ambayo sisi wa visiwani hatuna kwa wingi. Ile rangi yake nyekundu mwili huigeuza kuwa vitamini A, nzuri kwa macho na kinga ya mama na mtoto. Lakini yakichomwa motoni mpaka rangi ikapotea, imepotea nayo faida hiyo. Kijiko cha mawese kiwekwe mboga ikikaribia kuiva.

Ama mayai, hatukuona dalili yoyote ya kuyakataza. Kila mji una lake: huku wanasema mtoto atazaliwa hana nywele, kule wanasema atakuwa mwizi. Katika Suratul-Maaidah, aya ya 87, Allah amewakataza waumini kujiharamishia vizuri alivyowahalalishia. Yai moja lina lishe ya kuaminika na bei yake inafikika hata kwa maskini mara moja moja. Na tukumbuke kisa cha Bibi Maryam katika sura yenye jina lake, aya za 23 hadi 26. Uchungu ulipomshika akiwa peke yake, katika hali ya huzuni kubwa, aliteremshiwa tende mbivu na maji, akaambiwa ale na anywe. Hakuambiwa ajizuie kwa ajili ya wepesi.

Vidonge vya damu anavyopewa kliniki, vile vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, avimeze kila siku. Shirika la Afya Duniani limependekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku kwa kila mja mzito. Wengi huviacha kwa sababu vinaleta kichefuchefu na choo cheusi. Choo cheusi hakina ubaya. Kichefuchefu hupungua akivimeza usiku baada ya kula. Lisilofaa ni kuvimeza kwa chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, iwe ya kidonge au ya mchicha, na sisi Waswahili chai ndiyo maji yetu. Ainywe, lakini saa moja au mbili mbali na chakula. Badala yake akamulie ndimu kwenye mboga, au ale chungwa au embe, kwa sababu hivyo husaidia chuma kupenya. Na dawa za malaria na minyoo anazopewa kliniki ni sehemu ya kuiongeza damu hiyo, asizikatae.

Je, nauli ya kliniki na dawa ni juu ya mume? Wanazuoni wa zamani katika madhehebu yetu hawakuhesabu gharama ya tabibu ndani ya nafaka. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi, miongoni mwao Sheikh Wahba az-Zuhayli, wamesema kuwa leo haja ya dawa ni kama haja ya chakula au zaidi, kwa hiyo ni wajibu. Nasi tunaona hivyo, na kwa mja mzito tunaona hivyo bila ya kusita, kwa sababu kinachotibiwa ni yeye na mtoto wa mume huyo huyo.

Tuwageukie kidogo wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, ambao huenda wanadhani habari hii ni ya watu wa ziwani. Kwetu tatizo lina sura mbili ndani ya mtaa mmoja, na mara nyingine ndani ya mwanamke mmoja. Maandazi na chai ya sukari asubuhi, wali mchana, chapati usiku na soda katikati: chakula hiki ni rahisi, kinanenepesha, na hakina damu ndani yake. Ndiyo maana utamkuta mja mzito mnene aliyeambiwa damu yake ni ndogo, akashangaa. Unene si ushahidi wa lishe. Huyu ndiye aliyeharibiwa na kula kwa watu wawili, na kwake hatari ni kisukari cha mimba na presha. Asifunge njaa, apunguze sukari na vya kukaanga, aweke mbaazi, choroko, dagaa, samaki mdogo na mboga za majani. Samaki mdogo, maana nguru amekuwa wa hoteli.

Na kuna udongo. Pemba wapo wajawazito wanaokula udongo, na wengine mchele mbichi, kwa kujificha. Mtafiti wa Kimarekani, Sera Young, alikwenda Pemba kulichunguza hili, na mwaka 2011 alitoa kitabu kuhusu kula udongo duniani. Utafiti wake na wenzake kwa wajawazito wa Zanzibar ulikuta kwamba tabia hii inakwenda pamoja na upungufu wa damu. Kwa hiyo anayeutamani udongo asigombezwe. Apelekwe kupimwa damu. Kisheria, wanazuoni wetu wanakataza kuula kwa anayedhurika nao, na wenye damu ndogo ni miongoni mwao.

Turudi kwa mama yako. Utii kwa wazazi ni jambo kubwa, Allah ameliweka karibu na tawhidi yake. Lakini utii huo una mpaka, na mpaka wake ni pale amri yao inapomdhuru mtu mwingine au kuangusha haki iliyo wajibu. Chakula cha mkeo kiko shingoni mwako, si mwa mama. Yeye hana mamlaka ya kukipunguza, na wewe huna ruhusa ya kumwachia akipunguze. Hata hivyo usiende kwake kwa ukali, wala usiseme mbele ya mkeo. Keti naye peke yenu, umwambie: mama, nesi amesema damu ya mkwe wako ni ndogo na naogopa tusimpoteze. Yeye anaogopa hilo hilo, kwa hiyo mko upande mmoja. Bora zaidi, mpeleke naye kliniki siku ya kupima. Neno la mkunga mwenye nywele nyeupe litafika pale ambapo la mtoto wake halifiki. Akikataa baada ya yote hayo, mpakulie mkeo kwa mkono wako, kwa adabu, bila ya kumjibu mzee. Mume kumpakulia mke si aibu, Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake.

Kuhusu funga: mja mzito akiiogopea nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, anakula na atalipa siku hizo tu, mfano wa mgonjwa. Akimwogopea mtoto peke yake, kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba atalipa siku na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Wanazuoni wa Kihanafi wanasema ni kulipa tu. Mkeo aliyeambiwa damu ni ndogo na mwili umedhoofu yuko karibu zaidi na hali ya kwanza, kwa hiyo tunaona atalipa siku zake na hana fidia. Wala asizilipe sasa akiwa na mimba hii, wala wakati wa kunyonyesha ikiwa itamdhoofisha. Udhuru ukiendelea mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, hana dhambi wala faini ya kuchelewesha. Tumewahi kusikia wanawake wanaofunga kadhaa wakiwa na mimba ya miezi minane kwa kuona aibu kwa wakwe. Wasifanye hivyo.

Na kuhusu kukosa kabisa. Kuomba msaada kwa ajili ya wanaokutegemea si fedheha, na kuwaacha na njaa ukiwa na pa kuomba ni dhambi. Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kwamba inamtosha mtu kuwa mwenye dhambi kwa kuwapoteza wale anaowalisha. Wewe kwa hali uliyoieleza unastahiki zaka, basi nenda kwa imamu wa msikiti wako ueleze. Uliza pia serikali ya mtaa kuhusu ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini. Wenye jamaa Kigoma na Ujiji wanaotusoma huku visiwani, nao ni wengi, maana watu wetu walikwenda huko tangu siku za misafara, wajue hili: kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ni kuwa zaka igawiwe kwa maskini wa pale ilipo mali, lakini sadaka haina mpaka huo. Anayetaka kutuma atume sasa, kwa nia ya sadaka na kuunga udugu.

Jambo la mwisho, nalo linatuuma. Tunaona familia zinazoweka pesa kidogo kidogo kwa ajili ya akika na karamu ya arubaini, wakati mwenye mimba ndani hana kitoweo. Akika ni sunna, na asiyeweza hadaiwi. Karamu ya arubaini si hata hiyo. Nafaka ni wajibu. Kama una shilingi yoyote umeificha kwa ajili ya mbuzi, itoe ukanunue maharage, karanga na mayai, na Allah akikufungulia baadaye utachinja.

Mrejeshe mkeo kliniki ndani ya wiki mbili apimwe uzito na damu, usisubiri tarehe ya kadi. Akiumwa kichwa kisichotulia, akivimba uso na mikono, akiona kiwi, au akitoka damu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Na mpange tangu sasa kwamba atajifungulia kwenye kituo cha afya, kwa sababu ni mimba ya kwanza na damu yake ni ndogo. Allah amfanyie wepesi, ampe mtoto mwema mwenye afya, na akufungulieni milango ya riziki.

Wallaahu a'lam.